Muulize Anko: Nani Kampa Huyu Ruhusa?

Haya wapwa, meseji zenu mwezi huu karibu zote zinahusu Moodle na sishangai, vyuo vimefungua na kila mtu anahangaika kuingiza wanafunzi kwenye kozi. Kwa asiyeijua, Moodle ni ule mfumo wa kusomea mtandaoni ambao kama umesoma Chuo Kikuu Huria au pale Mlimani lazima umeshaingia, aliuanzisha Martin Dougiamas kule Perth, Australia, toleo la kwanza likatoka 2002, na kwa vile ni wa bure hata senta ya tuition ya vyumba viwili inaweza kuuweka kwenye seva yake ikaanza kazi. Kupandisha noti na video humo wala sio shida, shida inaanza kwenye nani aingie wapi na akishaingia aruhusiwe kufanya nini. Najibu yaliyoenea kwenye ukurasa, ambao hamjaona lenu msininunie.

Anko shikamoo. Mimi ni mkuu wa idara kwenye chuo kimoja cha kati hapa Morogoro. Tumeajiri tutor mpya, nikamwambia kijana wetu wa TEHAMA amweke kwenye kozi mbili za biashara. Juzi mwalimu wa uuguzi kaja juu, kwizi yake imefichwa wanafunzi hawaioni, tukaangalia kumbukumbu za mfumo jina lililotokea ni la huyo tutor, naye anaapa alijua yuko kwenye kozi yake. Mtu wa biashara kafikaje uuguzi?

Marahaba mwalimu. Tutor muache, hana kosa kubwa. Naweka dau kwamba kijana wa TEHAMA alifungua utawala wa tovuti, akaenda kwenye watumiaji, akaingia sehemu ya ruhusa, akakuta ule ukurasa wa kugawa vyeo vya mfumo mzima, akatafuta cheo cha Mwalimu hakukiona. Hakukiona kwa sababu Moodle ikiwa haijaguswa setingi zake hairuhusu Mwalimu kugawiwa pale, pale kinakuwepo cheo cha Meneja na cha Mtengeneza Kozi, bas naye akasema isiwe tabu akabofya Meneja akamwingiza jamaa humo. Sasa Meneja wa mfumo mzima anaingia kozi yoyote, anahariri, anaficha, anaona maksi za kila mtu, na ubaya zaidi kwenye orodha ya washiriki wa kozi ya uuguzi jina lake halipo maana hakuandikishwa kwenye ile kozi, kwa hiyo mwalimu wa uuguzi asingeweza kujua mpaka kitu kiharibike ndo aende kuchimba kumbukumbu.

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni kwamba cheo kwenye Moodle hakitoshi kukitaja, lazima useme umekigawa ngazi gani. Kuna ngazi ya mfumo mzima, chini yake kategoria (wengi wanaweka idara au fakati), chini yake kozi, chini yake shughuli moja moja kama kwizi au jukwaa la majadiliano. Ukimpa mtu cheo ngazi fulani kinashuka naye hadi chini kabisa, ila hakipandi juu wala hakiendi pembeni. Mwalimu wa kozi ya biashara ni mwalimu humo tu, akitoka nje ni mtumiaji kama watumiaji wengine.

Kwa hiyo mwambie kijana arudi ukurasa uleule amtoe huyo tutor kwenye Umeneja, halafu aingie ndani ya kozi yenyewe ya biashara, kwenye Washiriki, abofye kuandikisha, amtafute jina, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho abadilishe kile kiboksi cha cheo kiwe Mwalimu, maana kinakuja kimeandikwa Mwanafunzi na watu wengi wanakipita. Arudie kwenye kozi ya pili. Akiwa palepale kwenye orodha ya mameneja asome majina yote, nina wasiwasi tutor hayuko peke yake humo.

Na wewe mwenyewe mwalimu, kama unataka kuona kozi zote za idara yako bila kuandikishwa kozi moja moja, uombe Umeneja wa ngazi ya kategoria. Unatosha kabisa, na watu wa uuguzi huwaingilii. Halafu kama tutor kazi yake ni kusahihisha tu, maswali anatunga mwingine, kuna cheo cha Mwalimu Asiyehariri, huyo anatoa maksi na maoni ila hawezi kuficha kwizi hata akitaka. Mkiweka kozi kwenye mtindo wa makundi yaliyotengana, ataona wanafunzi wa kundi lake peke yake, wakati Mwalimu mwenye kuhariri anaona makundi yote. Kwa madarasa ya watu 200 yenye matutor wanne mimi siwezi kufanya vingine.

Salaam Anko. Nina kituo cha masomo ya ziada hapa Mombasa, vijana wa Form Four wanaojiandaa na KCSE. Wanalipa kwa M-Pesa nawapa pasiwedi ya kozi wanajiandikisha wenyewe. Waliolipa hawafiki 40, leo naangalia kozi ina watu 130! Pasiwedi imezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Nifunge kozi au nifanyeje?

Wa aleikum salaam dada yangu. Usifunge kozi, utawaumiza waliolipa. Kwanza badilisha hiyo pasiwedi leoleo, ingawa ujue kubadilisha hakumtoi mtu, aliyekwisha kuingia yumo, unachozuia ni wapya. Halafu kwenye setingi hizohizo za kujiandikisha mwenyewe kuna sehemu ya kuruhusu uandikishaji mpya, izime kabisa mpaka umalize usafi.

Usafi wenyewe unataka subira. Fungua Washiriki, chuja kwa njia ya kujiandikisha wenyewe, weka statement yako ya M-Pesa pembeni uanze kupiga vema. Utakutana na kizungumkuti kimoja, aliyelipa ni mzazi na jina la kwenye muamala sio la mtoto, hao wapigie simu kabla hujawagusa. Wasiojulikana wasimamishe, usiwafute, sababu yake nimeieleza kwenye jibu la Dodoma hapo chini. Aliyesimamishwa anaona mlango umefungwa, akija analia kwamba alilipa na akaonyesha meseji unamfungulia kwa kubofya mara moja na kazi zake zote anazikuta.

Sasa ili usirudi hapa mwakani. Pasiwedi moja ya watu wote haiwezi kuwa siri kwa watoto wenye simu, hilo tukubaliane. Dawa ya kweli ni kohoti, yaani orodha ya watu unayoitengeneza ngazi ya tovuti kabla hata ya kozi, mathalani unaiita waliolipa muhula wa kwanza. Ukishakuwa nayo, kwenye setingi za kujiandikisha itatokea sehemu ya kuruhusu wanakohoti tu (kama hujatengeneza kohoti hata moja hiyo sehemu haitokei, usije ukaniandikia kwamba Anko kakudanganya). Ukiiweka hivyo, hata pasiwedi ikibandikwa ukutani Likoni ferry, asiye kwenye orodha hapiti. Kuingiza majina hupigi moja moja, unatengeneza faili la CSV (jedwali la kawaida, hata Excel inalitoa) lenye safu za username, firstname, lastname, email na cohort1, unalipandisha mara moja. Kikwazo kitakuwa imeili, watoto ndugu wawili wanatumia imeili moja ya mama yao na Moodle kwa kawaida inakataa akaunti mbili zenye imeili moja, kuna setingi ya kuiruhusu kwenye upande wa utambulisho wa watumiaji ila mimi napendelea kila mtoto afungue yake, ni umri wa kuwa nayo.

Kama kohoti unaona ni mlima, njia ya kati ni pasiwedi za makundi. Kila kundi linapewa yake, kijana akiitumia anaingia kozi na kundi lake kwa pamoja, ikivuja unajua imevujia kundi gani. Ila kuna mtego hapo: ni lazima kozi yenyewe pia iwe na pasiwedi yake kuu ambayo humpi mtu. Ukiiacha ile ya kozi wazi ukadhani za makundi zinatosha, kila mtu anaingia bila kuulizwa chochote, na naona ndo kosa linalofanywa na wengi. Weka pia idadi ya juu ya wanaojiandikisha na muda wa uandikishaji, tuseme siku 90, baada ya hapo mlango unajifunga wenyewe mpaka alipie tena.

Habari Anko, mimi ni ofisa taaluma Dodoma. Uongozi uliagiza wasiomaliza ada waondolewe kwenye kozi. Tukawaondoa. Wamelipa, tumewarudisha, maksi zao za kazi za muhula hazipo! Wanafunzi wako mlangoni kwangu hapa naandika huku wananiangalia. Zimepotea?

Pole mpwa wangu, na uwaambie hao watulie, kwa uwezekano mkubwa hazijapotea. Ukimwondoa mwanafunzi kwenye kozi Moodle inatoa maksi zake kwenye kitabu cha maksi, inamtoa kwenye kundi lake, lakini nakala ya maksi inabaki kwenye historia, na kwizi alizofanya kwa kawaida zinabaki kwenye kanzidata. Kilichokosekana ni pale mlipokuwa mnawarudisha. Kwenye kidirisha cha kuandikisha kuna maneno madogo ya kuonyesha zaidi, ukiyabofya kinatokea kiboksi cha kurejesha maksi za zamani za mtumiaji ikiwezekana. Hakuna anayekibofya kwa sababu hakuna anayekiona.

Kwa hiyo fanya hivi kwa mwanafunzi mmoja kwanza, usikimbilie wote. Mtoe tena, mrudishe, safari hii tiki hicho kiboksi, fungua kitabu cha maksi uangalie. Zikija endelea na wengine. Uwahi, maana urejeshaji unakataa kama mwanafunzi ameshapata maksi mpya kwenye kozi ile baada ya kurudi, kwa hiyo waambie walimu wasimame kusahihisha kwa hao watu mpaka umalize. Na kuna hali moja ambayo hautafanikiwa kabisa, kama kuna mtu alizima historia ya maksi kwenye setingi za tovuti ili kubana nafasi ya diski. Ikiwa hivyo bas, itabidi mtoe kwenye bekapu.

Uongozi ukitoa agizo kama hilo tena usiondoe, simamisha. Kwenye Washiriki, mbele ya jina la mwanafunzi kuna alama ya gia kwenye safu ya hali, ibofye ubadilishe kutoka hai kuwa amesimamishwa. Haingii kozi, haoni noti, hafanyi kwizi, lakini maksi, kundi na kila kitu vinabaki palepale. Uongozi unapata ulichotaka na wewe unalala.

Na kama nyie mnatumia kohoti kuandikisha mwaka mzima wa masomo kwa mkupuo, angalia sana, kwenye kohoti kumtoa mtu kwenye orodha kunamtoa kwenye kozi zote zilizounganishwa na ile orodha kwa wakati mmoja, mtu unabofya kitu kimoja na mwanafunzi anapotea kozi saba. Admini anaweza kubadilisha hiyo tabia kwenye setingi za njia ya uandikishaji ya kohoti, achague kuzima uandikishaji badala ya kuondoa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo siku ya kwanza ya kuweka mfumo, sielewi kwanini haiji hivyo yenyewe.

Anko mambo. Niko IT kwenye chuo Nairobi. Lecturer alitaka wanafunzi wasianzishe mada kwenye jukwaa la mjadala la kozi yake, wajibu tu. Nikaenda kwa cheo cha Mwanafunzi nikaweka marufuku. Ikakubali. Sasa majukwaa yote chuo kizima hayana mada mpya, na class reps ambao tumewapa pia cheo cha Mwalimu Asiyehariri nao hawawezi. Nimejaribu kuwaruhusu kwa kozi haishiki!

Poa. Umefanya makosa mawili kwa mpigo kijana lakini yote yanarekebishika leo kabla hujatoka ofisini.

Kila ruhusa kwenye Moodle ina hali nne: haijawekwa, ruhusu, zuia, na marufuku. Zuia ni kama kocha kukuweka benchi, hali ikibadilika unaingia. Marufuku ni kadi nyekundu, ukishaonyeshwa hakuna wa kukurudisha uwanjani. Kiutendaji ni kwamba zuia ya juu inaweza kufutwa na ruhusu ya ngazi ya chini, na mtu mwenye vyeo viwili, kimoja kinazuia kingine kinaruhusu, anaruhusiwa. Marufuku haifutwi na kitu chochote, wala ngazi ya chini, wala cheo cha pili. Class reps wako ni wanafunzi na pia ni waalimu wasaidizi, marufuku ya uanafunzi imewameza, ndo maana unaruhusu kwa kozi mpaka unachoka haishiki.

Kosa la pili ni mahali. Ulihariri cheo chenyewe, na cheo ni kimoja kwa chuo kizima. Kirudishe, ile ruhusa ya kuanzisha mada iwe ruhusu kama ilivyokuwa. Halafu ingia kwenye lile jukwaa moja la huyo lecturer, fungua ruhusa zake, tafuta kuanzisha mada mpya, utaona orodha ya vyeo vinavyoruhusiwa, mtoe Mwanafunzi kwa ile alama ya x na ukomee hapo. Humo ndani wanafunzi watajibu tu, kwingine kote maisha yanaendelea, na class reps watapita kwa cheo chao cha pili.

Usijaribu matokeo kwa kutumia kitufe cha kubadili cheo ukiwa umeingia kama admini, hakionyeshi hali halisi ya mtu mwenye vyeo viwili. Kwenye jukwaa lenyewe kuna ukurasa wa kuangalia ruhusa, unachagua jina la class rep, inakuja orodha ndefu ya ruhusa na mbele ya kila moja ndiyo au hapana. Hapo ndo pa kusuluhishia ubishi. Na hii ya kugusa hadi kitu kimoja ndani ya kozi moja ilikuja na toleo 1.7 mwaka 2006, kabla yake vyeo vilikuwa vya kudumu na ndio hivyo. Marufuku ipo kwa ajili ya mambo machache mno, mimi naitumia kwa akaunti ya mtu anayetukana watu, sio kwa darasa.

Mwanangu yuko chuo Arusha, ameanza kupata imeili za kumtongoza kutoka kwa mtu wanayesoma naye kozi ya mtandaoni, hajawahi kumpa anwani. Chuo wanasema mfumo ndio ulivyo. Ni kweli? Mama, Arusha

Shikamoo mama. Nusu kweli. Kwenye Moodle mwanafunzi anaona orodha ya wenzake wa kozi, na akaunti mpya inakuja imewekwa kwamba imeili ionekane kwa wenzake wa kozi tu. Mwambie binti afungue wasifu wake, ahariri, kuna kiboksi cha uonekanaji wa imeili, achague isionekane kwa wenzake, inachukua dakika moja. Na kwenye ujumbe wa ndani ya mfumo anaweza kumzuia huyo mtu.

Lakini chuo kisijifiche nyuma ya mfumo. Admini anaweza kubadilisha hiyo iwe fiche tangu akaunti inapotengenezwa, na akiamua anaweza hata kuwanyima wanafunzi ruhusa ya kuona orodha ya washiriki. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko (wenzetu Kenya wana sheria ya kwao tangu 2019). Andika barua kwa chuo, itaje sheria, omba wakueleze nani anaona taarifa za mwanao na kwanini. Na hizo imeili msifute, piga picha za skrini muwape dawati la jinsia la chuo, hilo sio suala la setingi tena.

Aliyekuwa admini wetu kaacha kazi kahamia Mwanza hapokei simu, pasiwedi ya admini alikuwa nayo yeye tu. Msaada Anko.

Mwenye uwezo wa kuingia kwenye seva yenyewe aende kwenye folda ya Moodle aendeshe faili la admin/cli/reset_password.php, litamuuliza jina la akaunti na pasiwedi mpya, kwisha. Kama mmekodi seva kwa kampuni waandikieni wao. Mkishaingia, wekeni admini wawili au watatu kila mtu na akaunti yake yenye jina lake, ile orodha ya maadmini ni ya peke yake haiko pamoja na vyeo vingine kwa hiyo msiitafute kule. Mkabidhini mmoja wao kuwa admini mkuu kwanza, bila hivyo mfumo hautawakubalia kumtoa yule wa Mwanza. Halafu badilisheni imeili ya akaunti ile ya zamani, kama bado ni ya kwake binafsi anaweza kuomba pasiwedi mpya akiwa kokote.